Samaki ni Halali, Je Vazi Lake?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wiki mbili hizi nimepokea swali moja kutoka kwa watu mbalimbali: dada mmoja wa Birmingham, kijana mwanafunzi wa Cardiff, na mzee wa Mombasa ambaye binti yake ameolewa London. Wote wanauliza: "Ustadh, hawa samaki wa boksi, waliovikwa rojo la unga wakakaangwa na kugandishwa, tuwale au tuwaache?" Na pamoja na swali huja ile orodha inayozunguka WhatsApp, ya namba zinazoanza na herufi E, yenye kichwa cha herufi kubwa kwamba zote hizo ni mafuta ya nguruwe.

Ndugu yangu, swali hili lina pande mbili, na watu wanaangukia pande zote mbili. Wapo wanaosema "samaki ni samaki" wakala bila kutazama. Na wapo wanaopokea orodha usiku, na asubuhi wameshaharamisha nusu ya duka. Leo tulizungumze kwa utaratibu. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujasambaza.

KWANZA: SAMAKI MWENYEWE

Hapa hapana shaka. Katika Surat al-Maida, aya ya 96, Allah (S.W.) ametuhalalishia kuvua vya baharini na kuvila. Samaki hahitaji kisu wala hahitaji kuelekezwa kibla. Haijalishi nani aliyemvua, awe Muislamu wa Pemba au mvuvi wa Norway asiye na dini.

Na Maswahaba walilipata hili kwa vitendo. Jeshi la watu 300 chini ya Abu Ubayda ibn al-Jarrah (R.A.) lilipatwa na njaa pwani mpaka wakala majani ya miti. Bahari ikawatupia samaki mkubwa aitwaye al-anbar, wakamla siku nyingi. Waliporudi Madina walimweleza Mtume (S.A.W.), naye akawaambia ile ni riziki Allah aliyowatolea, akauliza kama wamebakiwa na chochote, na yeye mwenyewe akala.

Kwa hiyo anayekuambia samaki wa boksi ni haramu kwa sababu hakuchinjwa, huyo hajui dini yake. Samaki wa boksi mara nyingi ni chewa wa bahari za baridi, yule wanayemwita cod, au jamaa zake haddock na pollock. Wote ni samaki halali.

PILI: LAKINI ULICHONUNUA SI SAMAKI PEKE YAKE

Hebu tazama anavyotengenezwa. Minofu inagandishwa ikiwa vipande vikubwa kama matofali. Tofali linakatwa kwa msumeno likiwa bado barafu. Kila kipande kinanyunyiziwa unga mkavu ili rojo lishike, kinachovywa katika rojo, kinapitishwa katika mafuta ya moto kwa muda mfupi sana ili vazi likauke, kisha kinagandishwa tena. Ndani samaki bado ni mbichi. Ndiyo maana unaambiwa umpike nyumbani, na ndiyo maana hata ukimtia ovena bila tone la mafuta, mafuta ameshakunywa kiwandani.

Hapa Leicester ninapoishi, wiki iliyopita nilishika boksi moja dukani nikasoma nyuma. Samaki asilimia 57. Kisha unga wa ngano, maji, mafuta ya mbegu, wanga wa ngano, chumvi, vya kuumulia rojo ambavyo ni E450 na E500, dekstrosi ambayo ni aina ya sukari, unga wa maziwa, hamira, na rangi iliyotolewa katika pilipili ya paprika.

Sasa piga hesabu. Boksi lina gramu 400. Asilimia 57 ni gramu 228. Samaki uliyemnunua ni gramu 228. Gramu 172 zilizobaki ni vazi. Na halali yake samaki haimvishi vazi halali yake. Vazi lina hukumu yake lenyewe, na ni lazima liulizwe.

Sheria ya Uingereza na ya Umoja wa Ulaya imekusaidia hapa. Vitu vinaandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kwanza. Tangu Desemba 2014, vitu 14 vinavyodhuru watu wenye mzio, kama maziwa, mayai, ngano, haradali na samaki mwenyewe, lazima vikolezwe maandishi ndani ya orodha ili vionekane. Maandishi yapo. Tatizo letu ni kutoyasoma.

TATU: HERUFI E SI NGURUWE

Herufi E maana yake ni kwamba kitu hicho kimekaguliwa na kuruhusiwa kutumika katika chakula Ulaya. Basi. Haielezi kimetoka kwa mnyama, mmea au madini. Tuchukue zile zinazopatikana sana katika vazi la samaki, tuzivue ushungi moja moja.

E500 ni baikaboneti ya soda na jamaa zake. Ndiyo iliyomo ndani ya bekin pauda ya mama yako. E100 ni rangi ya manjano, haya haya manjano tunayotia katika mchuzi. E160c ni rangi ya paprika. E330 ni ukali ule ule ulio katika ndimu, na E300 ni vitamini C. E464 hutengenezwa kutokana na nyuzinyuzi za miti au pamba, kazi yake ni kulifanya rojo ling'ang'anie na lisinywe mafuta mengi. E415 ni gundi inayotokana na kuchachusha sukari kwa bakteria. E450 na E451 ni fosfeti, asili yake ni mawe ya madini. Nitazirudia hizi fosfeti, lakini si kwa sababu ya nguruwe.

Umeona? Orodha ya WhatsApp imemharamishia mtu manjano na bekin pauda! Na jambo hili si dogo. Katika Surat an-Nahl, aya ya 116, Allah (S.W.) ametukataza ndimi zetu zisiseme hiki halali na hiki haramu kwa uongo. Kuharamisha alichohalalisha Allah ni kosa kama kuhalalisha alichoharamisha. Unapobonyeza kusambaza ujumbe usioujua, unatoa fatwa. Je, uko tayari kuulizwa fatwa hiyo kaburini?

NNE: MAMBO YANAYOHITAJI MACHO YAKO

Baada ya kuondoa vumbi, yanabaki mambo matatu ambayo ni ya kweli.

La kwanza ni bia. Uingereza kuna samaki maarufu sana wa rojo lililokorogwa kwa bia, wa boksi na wa mikahawani. Wanapenda bia kwa sababu mapovu yake hulifanya rojo liwe jepesi na lenye kukatika. Tafuta katika jina na katika orodha neno "beer" au "ale". Ukiliona, rudisha boksi mahali pake. Usiniambie pombe inaruka katika moto. Suala si kulewa. Kwa jumhuri ya wanazuoni, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, ulevi ni najisi, na unga uliokorogwa kwa najisi umenajisika. Tafakari: ile aya iliyoharamisha ulevi ni ya 90 katika al-Maida, na aya iliyohalalisha samaki ni ya 96 katika sura hiyo hiyo. Zimeachana aya sita tu, na binadamu amekuja kuzikusanya katika sahani moja.

La pili ni mafuta ya kukaangia. Kwa samaki wa boksi mara nyingi ni mafuta ya mbegu au mawese, na yameandikwa. Hatari kubwa iko katika maduka ya samaki na chipsi. Kaskazini mwa Uingereza, hasa Yorkshire, ni desturi ya tangu zamani kukaanga kwa mafuta ya ng'ombe, na wengine wanajisifia. Ng'ombe huyo hujui alichinjwa vipi wala na nani. Tena hata duka linalotumia mafuta ya mimea, huenda karai hilo hilo ndilo linalokaanga soseji za nguruwe. Uliza maswali mawili kwa adabu: "Mnakaangia mafuta gani?" na "Karai la samaki ni la samaki tu?" Mwenye duka hachukii. Anaulizwa hivyo kila siku na wenye mzio na wasiokula nyama.

La tatu ni E471. Hii hutumika kuunganisha mafuta na maji, na siku hizi wengi wanaiandika kwa jina lake refu, "mono- and diglycerides of fatty acids". Inaweza kutoka katika mimea, na inaweza kutoka katika mafuta ya mnyama, akiwemo nguruwe. Ikifika sokoni huwezi kuzitofautisha kwa macho wala kwa ulimi. Hii ndiyo shubha ya kweli katika orodha nzima.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi halijawapitia akilini. Tumezoea kutazama alama ya "inafaa kwa wasiokula nyama" kwenye biskuti na mikate, tukiiona tunatulia, maana inaondoa mafuta ya mnyama. Lakini kwenye boksi la samaki alama hiyo huwezi kuipata kabisa, kwa sababu samaki mwenyewe anaiondoa! Kwa hiyo ile njia yetu ya mkato hapa haifanyi kazi. Zinabaki njia tatu: alama ya halali kutoka kwa taasisi unayoiamini, au barua pepe kwa kiwanda kuwauliza E471 yao inatoka wapi, au kuchagua boksi lisilo nayo. Na yasiyo nayo ni mengi.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba halali iko wazi, haramu iko wazi, na baina yake kuna yenye kutatiza ambayo watu wengi hawayajui, mwenye kuyaepuka ameisalimisha dini yake na heshima yake. Ile ya wazi usiitie utata, na yenye utata usiifanye wazi kwa sababu tu una njaa.

Wala usiende kupita mpaka ukawa mtu wa wasiwasi. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba watu walimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu nyama wanayoletewa na watu walioingia Uislamu karibuni, hawajui kama wametaja jina la Allah. Akawaambia walitaje wao kisha wale. Soma kilichoandikwa, uliza panapotatiza, kisha sema Bismillah. Allah hakukukalifisha kuingia kiwandani na darubini.

TANO: HALALI PEKEE HAITOSHI

Sasa tuje kwenye nusu ya pili, ambayo masheikh wengi tunaipita haraka. Katika Surat al-Baqara, aya ya 168, Allah (S.W.) ametuamrisha kula vilivyo halali na tayyib, vyote viwili kwa pamoja. Tayyib ni kizuri, safi, chenye manufaa. Sisi tumelishika neno la kwanza, la pili tumelisahau mezani.

Turudi kwenye fosfeti. E450 inapokuwa ndani ya rojo, kazi yake ni kuumua. Lakini fosfeti, hasa E451 na E452, hutiwa pia katika nyama ya samaki yenyewe ili ishike maji yasitoke wakati wa kuyeyuka na kupika. Samaki anabaki laini, na pia anabaki mzito mizanini.

Ami yangu, kaka yake baba, anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Figo zimechoka baada ya miaka mingi ya kisukari. Aliacha nyama nyekundu, akajiwekea samaki wa boksi kila Jumatano na Ijumaa, akijua ndiye rafiki wa mgonjwa. Vipimo vyake vya fosforasi vikawa havishuki. Mtaalamu wa lishe wa hospitali akamwambia alete maboksi yote anayokula. Akampa kalamu, akamwambia: "Kila neno lenye herufi phosph ndani yake, lipigie mstari." Ami akapiga mistari mitatu kwenye boksi la samaki peke yake.

Fosforasi iko katika samaki wa kawaida pia, Allah ameiumba humo. Lakini ile ya asili mwili huchukua sehemu yake tu, na hii ya kutiwa kiwandani mwili huinyonya karibu yote. Mwenye figo nzima huitoa kwa mkojo. Mwenye figo mbovu inabaki katika damu, inadhoofisha mifupa na kuigandisha mishipa. Mwaka 2019 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 40 za fosforasi kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Ikasema wazi kwamba kikomo hicho hakiwafai watu ambao figo zao zimepungua nguvu, na kwamba watoto wanaokula sana vyakula vyenye fosfeti wanaweza kukivuka. Tena kiasi cha fosforasi hakiandikwi katika lile jedwali la chumvi na sukari. Jina tu ndilo linaloandikwa. Basi wewe mwenye mzazi mwenye kisukari au figo, jifunze hizo herufi leo. Hiyo ni birri ya wazazi pia.

Na kuna suala la chakula kilichosindikwa kupita kiasi kwa ujumla. Istilahi hii ilianzishwa mwaka 2009 na Profesa Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil. Kwa ufupi, ni chakula kilichojengwa kiwandani kwa vitu ambavyo huvikuti jikoni kwako. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwaweka watu 20 chini ya uangalizi, wiki mbili wakila chakula cha aina hiyo na wiki mbili chakula cha kawaida, kila mtu ale atakavyo. Walipokula cha kiwandani, walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Ni utafiti wa watu wachache, lakini unatuonesha kitu: chakula hiki kinakufanya upite mpaka bila kujijua. Na sisi tumefundishwa kuacha theluthi moja ya tumbo kwa ajili ya pumzi.

Sisemi ni haramu. Mama aliyetoka kazini saa mbili usiku, ana watoto watatu wenye njaa, akatoa boksi la samaki halali kwenye friza, hana dhambi, na Allah amlipe kwa uchovu wake. Ninachosema ni hiki: kisiwe ndicho chakula cha nyumba. Samaki wa kila siku asiwe na vazi usilolijua.

SITA: RUNDO LA NAFAKA LENYE MAJI CHINI

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akaona rundo la nafaka. Akaingiza mkono wake mtukufu ndani, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza muuzaji ni nini hii, naye akasema imenyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamwambia kwa nini asiiweke juu watu waione, kisha akasema mwenye kughushi hayuko pamoja naye.

Tazama alichofanya Mtume wetu. Hakutosheka na sura ya juu. Aliingiza mkono. Wewe leo huwezi kuingiza mkono ndani ya boksi lililofungwa, lakini orodha ya nyuma ndiyo mkono wako. Picha ya mbele, ya samaki mnene na kipande cha ndimu, ndiyo nafaka kavu ya juu. Maji, sukari na fosfeti ziko nyuma, kwa maandishi madogo. Muuzaji wa leo ameyaandika, hoja yake iko tayari. Hoja yetu sisi ni ipi, na macho tunayo?

Na wewe mfanyabiashara Muislamu, unayeuza samaki hawa au unayefungua duka la chipsi na kubandika neno HALALI mlangoni, rundo hili ni lako kabla ya kuwa langu. Ukiwauzia watu maji kwa bei ya samaki, kibandiko cha mlangoni hakitakutetea.

SABA: TUFANYE NINI?

Ukiwa dukani, geuza boksi. Tazama asilimia ya samaki kwanza. Chukua lenye nyingi. Tafuta bia. Tafuta E471 au jina lake refu. Tafuta fosfeti kama nyumbani kuna mgonjwa wa figo. Haichukui dakika moja.

Bora zaidi, nunua minofu iliyogandishwa ambayo orodha yake ina neno moja tu: jina la samaki. Nyumbani changanya unga wa ngano na wa mchele kidogo, chumvi, manjano, pilipili manga, na maji baridi sana ya soda. Mapovu yale yale wanayoyatafuta katika bia utayapata humo, bila dhambi. Mkaushe samaki vizuri, mpake ndimu na thomu, mpake unga mkavu, mchovye, mkaange. Waite watoto wachovye wenyewe. Watajua samaki ana ladha gani.

Na nyinyi mlioko nyumbani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, ambako maboksi haya sasa yamejaa katika friza za maduka makubwa: mna changu, tasi, vibua na dagaa wanaoshuka ngalawani alfajiri. Msimwache samaki wa bahari yenu kwa kuona haya, mkadhani wa boksi ndiyo maendeleo. Huku ughaibuni tunamlilia huyo huyo.

Ewe Mola wetu, turuzuku kilicho halali na tayyib, na utukinaishe nacho. Wape shifaa wagonjwa wetu, wa figo na wa kisukari na wa kila maradhi. Zihifadhi ndimi zetu zisiharamishe ulichohalalisha wala zisihalalishe ulichoharamisha. Wabariki mama zetu na wake zetu kwa kila chungu wanachokipika. Amin, amin, ya Rabbal alamin.

Mwenye orodha ile ya WhatsApp, amrudishie aliyemtumia makala hii. Mwenye swali aniandikie, nitajibu kadiri Allah atakavyoniwezesha.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.